Kusafisha mkanda wa nyeusi na nyeupe nyumbani kwa kahawa: naandika mara moja tu

Mbukwenyi! Wiki hii nimeulizwa swali lilelile mara sita, “mkanda wa kamera unausafishaje kwa kahawa mpaka picha itokee?”, na kila anayeuliza anataka nimrekodie sauti. Sirekodi tena. Somo ni hili hapa, la mkanda wa milimita 35, ISO 400 (ISO ni kipimo cha mkanda unavyohisi mwanga). Mimi natumia Ilford HP5 Plus.

Vifaa: tangi la kusafishia na rili yake (kigurudumu cha kuviringishia mkanda), kipimajoto, mizani ya gramu, jagi, mkasi, beseni. Developa (dawa ya kutoa picha) kwa nusu lita: kaboneti ya sodiamu gramu 27, vitamini C ya unga gramu 8, kahawa ya kuyeyuka gramu 20. Africafé inafanya kazi vizuri. Fiksa, dawa ya kuifanya picha isiharibiwe na mwanga, haitengenezwi jikoni, utainunua.

1. Pakia mkanda kwenye rili gizani, uitie tangini, ufunge. Fanya mazoezi kwanza na mkanda uliokufa, macho wazi, kisha umefumba. Umeme ukikatika usidhani ndiyo giza lenyewe. Taa ya sola ya jirani inatosha kuharibu kila kitu.

2. Yeyusha kaboneti, halafu vitamini C (itatoa povu), kahawa mwisho. Iache dakika tano povu litulie. Inanuka vibaya, fungua dirisha.

3. Joto. Hapa someni taratibu, maana hapa ndipo nilipoumia. Nilikwenda Hombolo wakati wa mavuno ya zabibu nikampiga mama mkubwa picha akiwa na kishada mkononi, kofia ya ukili kichwani. Nikarudi mjini saa nane mchana, nikachota maji ya simtanki la juu ya paa, nikachovya kidole: “uvuguvugu tu.” Dakika 15 kamili kama ilivyoandikwa. Baadaye nilipopima maji yale yalikuwa nyuzi 31. Kwa woga wa joto nikasuuza kwa maji ya friji, na hilo likawa kosa la pili. Mkanda ulitoka mweusi kama masizi, na ile ngozi laini inayobeba picha imejikunja nyufanyufa kama tope la bwawa lililokauka. Nikiuinua juani naona ukingo wa kofia, basi. Mama mkubwa bado ananiuliza picha yake iko wapi.
Kwa hiyo: dakika 15 ni za nyuzi 20. Mimi hapa Dodoma nafanyia nyuzi 24, dakika 11. Weka jagi la developa, la fiksa na la maji ya kusuuzia ndani ya beseni moja lenye maji, tupia barafu ya mfuko, ngoja yote yasome sawa. KIDOLE SI KIPIMAJOTO. Na usitoe mkanda kwenye joto ukautia kwenye baridi.

4. Mimina developa, gonga tangi mezani viputo vitoke. Pindua mfululizo dakika ya kwanza, kisha mara tatu kila dakika.

5. Suuza hadi maji yaache rangi ya chai.

6. Fiksa. Mafundi wa zamani wanaiita hypo. Niliingia duka moja la kemikali nikauliza “mna hypo?” Muuzaji akajibu, “Mwenyewe umeshasema, haipo.” Ulizeni tiosalfeti ya sodiamu. Ya chengachenga, gramu 200 hadi 250 kwa lita. Iyeyushe kwa maji ya moto kidogo kwa sababu inapoyeyuka inayapoza sana maji, kisha pima joto tena. Chovya kipande cha mkanda cha majaribio, hesabu muda hadi kiwe kiangavu, zidisha mara mbili. Huo ndio muda wako.

7. Osha: jaza maji, pindua mara 5, mwaga, jaza, mara 10, mwaga, jaza, mara 20. Maji yetu ya visima yana chumvichumvi, yakikauka yanaacha madoa meupe, hivyo suuza mwisho kwa maji ya betri. Nasema yale ya kuongezea, SI yale makali yenye asidi! Soma lebo.

8. Anika bafuni, mlango umefungwa, sakafu umeilowesha kwanza ili vumbi litulie.

MASWALI

Kijana wa Area C: Mkuu, kahawa ya kusaga ile ya kijiweni inafaa?
— Ya kuyeyuka. Imeandikwa juu.

Kijana wa Area C: Kwani tofauti ni nini?
— Machicha. Soma somo, kaka.

Dada Mpwapwa: Kaboneti sijaipata. Magadi ya sokoni je?
— Swali zuri, dada. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, na nguvu yake haitabiriki. Chukua baking soda (baking powder hapana, ina vitu vingine), ikaange kavu kwenye kikaango cha chuma, moto mkali, ukikoroga kama saa nzima. Inatoa mvuke na hewa ukaa, kinachobaki ni kaboneti. Pima kabla na baada: gramu 100 zikishuka hadi 63 hivi, imeiva.

Dada Mpwapwa: Imekubali, 64! Sasa kwa nini kahawa?
— Si kafeini. Ni asidi ya kafeiki na jamaa zake; pamoja na vitamini C zinafanya kazi ya developa, kaboneti inazipa nguvu. Ilianzia darasani Marekani mwaka 1995, Rochester, kwa Scott Williams na wanafunzi wake. Mkanda wa rangi nao unatoa picha, ila ya nyeusi na nyeupe. Jaribu.

Mzee wa Simu: Shida yote hii ya nini wakati simu zipo?
— Hakuna aliyekulazimisha, mzee wangu.

Chibwe: Nimefuata kila kitu, mkanda umetoka mtupu!
— Namba za pembeni zinaonekana?

Chibwe: Hakuna kitu. Plastiki tupu.
— Zingeonekana, ningesema kamera haikuvuta mkanda. Hazipo, basi ama developa ilikufa ama ulianza na fiksa.

Chibwe: … Chupa zilikuwa za maji ya kunywa, zote mbili.
— Maka peni, shilingi mia tano. Na ziondoe hapo watoto wasije wakanywa.

Dada Mpwapwa: Fiksa iliyotumika nimwagie mizabibu?
— Hapana, ina madini ya fedha. Mimi naitunza kwenye dumu lenye mfuniko. Na ukiona kipande cha majaribio kinachukua muda mara mbili ya siku ya kwanza kuwa kiangavu, hiyo imechoka, changanya nyingine.