Jinsi ya kubadilisha detanderi ya mtungi wa oksijeni

Kabla ya kununua detanderi mpya, yaani kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi inayotoka mtungini, hakikisha kwamba ile ya zamani ndiyo yenye kosa. Katika karakana yangu hapa Lubumbashi, ninaweka shinikizo la kazi kwenye bari 3, ninafunga vali ya oksijeni kwenye shalumo (kichomeo cha kuchomelea chuma), kisha ninautazama mshale wa manometa ndogo, saa inayoonyesha shinikizo linalokwenda kwenye mpira wa kupitishia gesi, kwa dakika tano bila kugusa kitu chochote. Mshale ukitulia, tafuta tatizo kwenye mpira au kwenye shalumo. Ukipanda wenyewe hadi bari 4, kisha 5, na ukaendelea, basi kile kipande kinachoziba njia ya gesi ndani ya detanderi kimechakaa au kimeingiwa na uchafu, na shinikizo la mtungi, ambalo mtungi ukiwa umejaa linaweza kufika bari 200, linapenya kuelekea kwenye mpira usioweza kulihimili. Detanderi ya namna hiyo haifunguliwi mezani na kutiwa springi iliyookotwa, inaondolewa kazini.

Ununuzi nao una mtego wake. Mitungi inayofuata mfumo wa Ufaransa ina nyuzi nje ya mdomo wa vali, na nati ya detanderi huivaa kwa juu. Mitungi ya mfumo wa Uingereza, unaotumika pia Afrika Kusini, ina nyuzi kwa ndani, na detanderi huingia humo. Sisi tunaopokea bidhaa kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kutoka kwingineko tunaweza kukutana na aina zote mbili katika soko moja, kwa hiyo piga picha ya mdomo wa vali kabla ya kwenda dukani. Detanderi iwe imeandikwa kwamba ni ya oksijeni, na manometa yake kubwa, inayoonyesha shinikizo la mtungi, iwe na vipimo vinavyopita bari 200. Isipolingana na mtungi, irudishe. Kuipeleka kwa fundi wa kukereza ili aipunguze hadi iingie ni kutengeneza kiungo ambacho hakuna mtu aliyekipima kwa shinikizo hilo.

Hatua ya kwanza ya kazi yenyewe ni kuusimamisha mtungi wima na kuufunga kwa mnyororo ukutani au kwenye mkokoteni wake. Zima kila moto ulio karibu. Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe, na uvae nguo isiyo na mafuta. Ovaroli uliyoshushia injini asubuhi iache msumarini.

Pili, funga vali ya mtungi kabisa, kisha fungua vali ya oksijeni kwenye shalumo mpaka manometa zote mbili zirudi kwenye sifuri. Baada ya hapo legeza parafujo ya kurekebishia, kwa kuizungusha kinyume cha saa, hadi usihisi springi ikiisukuma. Usiguse nati wakati mshale wowote bado umeinuka.

Tatu, fungua nati kwa spana ya kipimo chake, si kwa koleo. Nati za oksijeni, ile ya mtungini na ile ya mpira, zinafunguka kinyume cha saa. Nati za mpira wa asetilini, gesi inayowashwa pamoja na oksijeni, zinakwenda upande mwingine na zina alama za kukatwa pembeni ili zitambulike.

Nne, futa mdomo wa vali kwa kitambaa safi kikavu, hasa msimu wa kiangazi ambapo vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Simama upande, mdomo wa vali ukiwa umeelekea mahali pasipo na mtu wala moto, fungua vali kidogo sana kwa sekunde moja, kisha ifunge. Pumzi hiyo inatoa mchanga ambao kitambaa hakiufikii.

Tano, kagua washa (kipete cha kuzibia) au mpira wa duara wa detanderi mpya, uifunge detanderi yenyewe kwenye vali kwa vidole mpaka iishie, ndipo uikaze kwa spana. Usitie utepe wa kuzibia nyuzi, na usipake mafuta wala grisi, hata tone. Nilipokuwa mwanafunzi, mwenzangu aliona nati ni ngumu, akaitia mafuta ya injini kama tunavyofanya kwenye boliti za gari, kisha akaifungua vali kwa mkupuo. Tulisikia mlio mmoja mkavu, na moshi ukatoka nyuma ya manometa. Hakuumia kwa sababu alikuwa amesimama pembeni, lakini tulipoiondoa detanderi, kichujio kidogo cha shaba kwenye mlango wake kilikuwa cheusi na kimeyeyuka ukingoni. Oksijeni yenyewe haiwaki; ila gesi inayobanwa ghafla katika nafasi ndogo hupata joto, kama pampu ya baiskeli, na ndani ya oksijeni ya shinikizo kubwa joto hilo linatosha kuyawasha mafuta.

Sita, kwa hiyo, hakikisha tena kwamba parafujo imelegezwa, simama upande, usiwe mbele wala nyuma ya manometa, na ufungue vali ya mtungi polepole mno, mpaka uone mshale wa manometa kubwa ukipanda taratibu na kusimama. Ukiruka, umefungua haraka.

Saba, paka maji ya sabuni isiyo na mafuta kwenye kila kiungo. Povu likitokea, funga vali, toa shinikizo, ndipo ukaze. Kiungo hakikazwi kikiwa na gesi. Kisha funga vali ya mtungi na usubiri dakika kumi: mshale mkubwa haupaswi kushuka. Mwishowe, mpira ukiwa umerudishwa, fungua tena vali ya mtungi polepole, weka bari 3, rudia kile kipimo cha mwanzo, na upulizie mpira kwa sekunde chache kabla ya kuwasha shalumo.

Ile ya zamani mimi ninaikata parafujo kwa msumeno siku hiyohiyo, kwa sababu siku jirani atakapoazima mpya, mtu ataikuta mbovu rafuni na kuifunga.