Taarifa zako zimevuja kutoka polisi? Anza na barua

Mwaka juzi niliibiwa simu kwenye daladala, nikaenda kituo cha polisi kuchukua RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa niliyotoa. Askari wa kaunta aliniandika kitabuni vizuri tu: jina, namba ya mume wangu, mtaa, hadi nyumba ya jirani kwa kuelekezea. Siku ya tatu jirani huyo huyo akaja na simu yake: "Mama, hii si habari yako?" Picha ya ukurasa ule ilikuwa inazunguka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Pembeni kidole gumba cha aliyepiga picha kinaonekana, kucha na yote.

Kituo sikitaji. Nilirudi pale nimewaka, nikafoka kaunta. Zamu ilikuwa imebadilika, mkononi sina hata karatasi, nikaambiwa niache kelele. Sasa ni msaidizi wa kisheria, na wanaonijia na kisa kama changu nawazuia kwanza wasiende kufoka.

Jua unachodai. Polisi wanaruhusiwa kuchukua taarifa zako, na kuzipeleka kwa mwendesha mashtaka au mahakamani. Ukidai hawakupaswa kuwa na namba yako, umeshindwa kabla hujakaa. Uliza hivi: zilichukuliwa kwa kazi gani, na zimeishia wapi? Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazibana na taasisi za umma pia. Ndiyo, upelelezi wa makosa umewekewa nafuu yake humo. Lakini grupu la mtaa linapeleleza nini?

Halafu ushahidi, siku hiyo hiyo, kabla mtu hajafuta. Piga screenshoti inayoonyesha jina la grupu, namba ya aliyetuma, tarehe na saa. Usiikate, usiichoree duara jekundu. Mwombe na mtu mwingine aliyemo aihifadhi kwenye simu yake. Wewe usiisambaze "ili watu waone unavyoonewa", hapo unawasaidia waliovujisha.

Barua ndiyo kazi yenyewe. Mwandikie Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ukurasa mmoja. Taja namba ya RB, siku uliyotoa maelezo, ulichokikuta kimesambaa na ulikikuta wapi. Omba mambo matatu: ichunguzwe nani alipiga picha, usambazaji ukomeshwe, na ujibiwe kwa maandishi. Kama humjui aliyevujisha, usimtaje askari kwa kuhisi. Chapa nakala mbili. Moja waachie, ya pili wagonge mhuri wa kupokea, na tarehe isomeke. Mhuri ukigonga nusu, omba ugongwe tena bila aibu. Mimi, nilipopeleka barua yangu baadaye, nilisimama dirishani dakika arobaini kwa ajili ya mhuri mmoja, na ndio ulionifanya nipigiwe simu wiki iliyofuata.

Ukinyamaziwa, panda kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa na nakala yako yenye mhuri. Njia nyingine ni kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uchunguzi wake umewekewa siku 90, ingawa muda unaweza kuongezwa, na inaweza kuamuru ulipwe fidia. Kwa hiyo tunza risiti ya laini uliyobadilisha, nauli, chochote ulichotumia kwa sababu ya uvujaji ule. Huwezi kuandika? Wasaidizi wa kisheria hatulipishi.

Kuna karatasi naiogopa kuliko RB: PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali ukiumizwa. Imebeba habari za mwili wako, na sheria inaziita taarifa za afya kuwa nyeti. Kama ni kesi ya ukatili, usielezee kaunta foleni ikisikiliza, sema tu, "Naomba dawati la jinsia na watoto." Namba ya simu iandike kwenye kikaratasi umpe askari, badala ya kuitaja kwa sauti. PF3 ibebe kwenye bahasha hadi hospitali, na ikihitajika nakala, watoe wao hapo hapo mbele yako. Usiipeleke stesheneri ya nje. Mashine zile zinaacha nakala iliyoharibika kwenye trei, na kijana wa pale huifungia maandazi.