Maisha ya mwandishi kushoto, riwaya kulia

Ukitaka kulinganisha riwaya na maisha ya aliyeiandika, kwanza soma riwaya hadi mwisho. Ukitangulia na maisha ya mwandishi, utakuwa unamsaka yeye badala ya kumsikiliza mhusika.

Kisha chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Mimi, chotara niliyelelewa Tanga, nilianza na Nella Larsen, mwandishi chotara wa Marekani, na riwaya yake ya kwanza, Quicksand, ya mwaka 1928.

Kushoto andika maisha. Nella alizaliwa Chicago mwaka 1891. Mama alikuwa mhamiaji kutoka Denmaki, baba mtu mweusi wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Denmaki. Baba akatoweka, mama akaolewa na mzungu, wakapata binti mweupe. Nella akawa mweusi pekee mle nyumbani. Aliwahi kuishi Denmaki, akasomea uuguzi New York, na mwaka 1915 akaenda kufanya kazi Tuskegee, chuo cha weusi huko Alabama, kusini mwa Marekani, asidumu.

Kulia andika ya Helga Crane, mhusika mkuu wa riwaya. Naye mama Mdenmaki, baba mweusi. Anafundisha shule ya weusi huko kusini iitwayo Naxos, anaiacha, baadaye anakwenda Copenhagen, Denmaki. Zipange upya herufi za Naxos: utapata Saxon. Shule ya weusi, jina la wazungu limefichwa ndani!

Nilipofika hapo niliona nimemaliza, yote yamefanana. Mama mmoja mstaafu katika kikundi chetu cha kusoma akaniuliza, "Mwanangu, na mama mtu je?" Nikarudi kitabuni. Mama yake Helga alikufa binti akiwa na miaka 15. Mama yake Nella alikuwa hai riwaya ilipotoka. Basi zungushia wino mwekundu kila panapoachana, maana hapo mwandishi aliamua mwenyewe.

Sasa kaa na tukio moja, usilikimbie. Helga anabisha hodi Chicago kwa mjomba wake mzungu aliyemsomesha. Mjomba hayupo, anatoka mkewe mpya, anamwambia akumbuke kwamba mume wake si mjomba wake, la sivyo yeye naye angekuwa shangazi yake. Kwetu angeitwa mkaza mjomba, angemkaribisha chai. Nilifunga kitabu siku ile. Mlango kama huo nimeusimamia.

Mlango ule katika maisha ya Nella ulikuwa wa nani? Usibuni jibu. Pale mkabala, upande wa kushoto, mimi nimeandika neno moja tu: mama, na alama ya kuuliza.