Sayansi kwa wanachuo wasiosomea sayansi: jinsi ninavyoifundisha na kuitahini

Wanachuo wangu wanasomea sheria, uhasibu, lugha na ualimu wa masomo ya sanaa. Wengi waliagana na fizikia walipomaliza kidato cha pili, wakamshukuru Mungu. Wakifika chuo kikuu wanakuta kozi ya sayansi ambayo ni lazima waipasi, na swali lao la kwanza ni moja tu: madesa yako wapi?

Mwaka wangu wa kwanza niliwapa madesa. Kwenye mtihani nikawaambia wataje hatua za uchunguzi wa kisayansi, wakazitaja zote kwa mpangilio. Muhula uliofuata, binti mmoja aliyekuwa amepata A alinionyesha kwenye simu tangazo la dawa ya unga "iliyowasaidia watu 300". Alitaka kujua kama amnunulie mama yake mwenye kisukari. Hakuwa na hata swali moja la kuliuliza lile tangazo. Niliumia, kwa sababu ile A niliitoa mimi. Tangu hapo nimeijenga kozi upya, na hatua ninazofuata ni hizi.

Hatua ya 1: Tunga mtihani wa mwisho kabla ya kipindi cha kwanza

Usianze na orodha ya mada. Jiulize mhasibu au mwanasheria atahitaji kufanya nini na sayansi miaka kumi baada ya kuhitimu. Mimi nimebaki na mambo manne: kutenganisha dai na ushahidi wake, kugundua ulinganisho uliokosekana, kusoma jedwali na grafu, na kusema tuna uhakika kiasi gani. Swali lisilopima mojawapo ya haya haliingii kwenye mtihani, hata kama mada yake naipenda.

Hatua ya 2: Wapime siku ya kwanza

Maswali 12 ya kuchagua jibu, dakika 20, bila alama. Waambie wazi kwamba hayaingii kwenye matokeo yao, la sivyo watanakiliana. Kusanya karatasi zote. Utazihitaji mwisho wa muhula.

Hatua ya 3: Piga kura kila kipindi

Njia hii mwanafizikia Eric Mazur aliianza chuo kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1991 kwenye darasa la fizikia, nayo inafaa hata kwenye ukumbi wa watu 300 usio na vifaa. Toa swali moja lenye majibu manne. Kila mtu afikiri peke yake dakika moja, kisha aonyeshe jibu kwa vidole vilivyobanwa kifuani, jirani asione. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya. Wakizidi asilimia 70, eleza kwa ufupi, songa mbele. Wakiwa katikati, waambie kila mmoja amgeukie jirani aliyejibu tofauti wabishane, kisha wapige kura tena. Ukumbi utakuwa na kelele. Uache.

Hatua ya 4: Jaribio moja, lifanywe vizuri

Mwanzoni nilikuwa na majaribio sita kwa muhula. Sasa ninalo moja la wiki tatu, na swali lake lilizaliwa hapa hapa Tanzania.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friza ikawa inaisha, naye akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa ya baridi. Alipouliza, mwalimu alimwambia amejichanganya. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni. Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Simulia mpaka hapo, kisha nyamaza. Usiwaambie kama ni kweli. Wagawe katika vikundi vya watu watano, kila kikundi kiandike nadharia tete yake (jibu wanalolikisia) na mpango wa jaribio kabla ya kugusa chochote. Vifaa ni vikombe vinavyofanana, maji ya kipimo kimoja (mimi hutumia mililita 70), vipimajoto viwili, saa ya simu na friza. Ya mgahawa wa chuo inatosha, ukiongea vizuri na mama anayeusimamia.

Wiki ya kwanza matokeo huvurugika, na uzuri wa jaribio uko hapo. Kikundi kimoja kilipata maji ya moto yakitangulia mara tatu mfululizo, wakashangilia. Kijana mmoja hakushangilia. Alirudi kwenye friza, akainua kikombe, akaniita: "Mwalimu, samahani, njoo uone. Hiki cha moto kimechimba." Kweli, kikombe cha moto kilikuwa kimeyeyusha ukoko wa barafu kwenye rafu, kikakaa juu ya chuma tupu. Cha baridi kilikuwa kimekaa juu ya ukoko, na ukoko unazuia joto lisitoke upesi. Hawakuwa wamelinganisha maji ya moto na ya baridi tu. Walilinganisha pia rafu mbili tofauti. Walirudia wakiwa wameweka chini ya vikombe vyote kipande cha povu jeupe, lile linalofungiwa televisheni mpya, na ushindi wa maji ya moto ukatoweka.

Ubishi mwingine huja wenyewe: kuganda ni nini? Ni kufika nyuzi 0, ni kuona chembe ya kwanza ya barafu, au ni kikombe kizima kuwa jiwe? Maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 yakiwa bado maji, kwa hiyo vipimo hivyo vitatu hutoa majibu tofauti. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden wa Uingereza walipima muda wa kufika nyuzi 0, wakahitimisha kwamba hawakuona ushahidi wa maana wa maji ya moto kuyatangulia ya baridi. Wapo wanasayansi wanaoendelea kulichunguza. Hii habari ninawapa wiki ya tatu, wakiwa na namba zao mkononi. Ukiwapa mapema, watanakili.

Ripoti ni kurasa mbili, na theluthi ya alama inakwenda kwenye sehemu ya "nini kingeweza kutudanganya". Kikundi kilichopata matokeo "mabaya" na kueleza kwa nini, kinapata alama kamili.

Hatua ya 5: Swali la mtihani liwe na dai wasilowahi kuliona

Mfano: *Duka linauza chai ya mitishamba ya usingizi. Watu 20 waliokuwa hawalali vizuri waliinywa wiki mbili, na 14 wakasema sasa wanalala. Mwenye duka anasema chai inafanya kazi. (a) Toa maelezo mawili mengine ya matokeo haya. (b) Panga jaribio la kuyatenganisha.* Alama 10.

Jibu litakalojaa kwenye vijitabu ni "haijathibitishwa na wataalamu wa maabara". Linasikika kisomi, lakini linapata 0. Anayeandika hivyo amemkimbilia mkubwa amjibie. Anayeandika "labda wangelala hata bila chai, maana tatizo la usingizi huja na kuondoka" anapata 2, hata kama hajui neno lolote la kitaalamu. Kwenye (b), kundi la kulinganisha lina alama 3, kugawa watu kwa kura 2, na kuwapa wengine chai ya kawaida bila wao kujua 1.

Hatua ya 6: Sahihisheni pamoja kabla ya kutawanyika

Mimi na wasaidizi wangu tunasahihisha vijitabu 10 vile vile, kila mtu peke yake, kisha tunalinganisha. Tukipishana zaidi ya alama 2, tunarekebisha mwongozo wa kusahihisha. Asubuhi moja inatosha.

Hatua ya 7: Jisahihishe wewe na maswali yako

Rudia maswali 12 ya siku ya kwanza. Tuseme wastani ulikuwa asilimia 40, sasa ni 64. Wamepanda 24 katika 60 zilizokuwa zimebaki kufika 100, yaani 0.4. Hesabu hii mwanafizikia Richard Hake aliitumia mwaka 1998 kulinganisha madarasa 62 ya fizikia. Yale ya mihadhara mitupu yalikuwa karibu na 0.23.

Kisha pima kila swali la mtihani. Chukua asilimia 27 ya waliofanya vizuri zaidi na asilimia 27 ya waliofanya vibaya zaidi. Kati ya watu 200, ni 54 na 54. Kama wa juu 45 walipata na wa chini 18, toa, gawa kwa 54, unapata 0.5. Ni swali zuri, linawatenganisha wanaojua na wasiojua. Wakipata 20 wa juu na 26 wa chini, usiwalaumu wanachuo. Swali limeandikwa vibaya au ufunguo wa majibu umekosewa. Mwaka jana nililikuta moja la hivyo, neno "si" lilikuwa limeanguka wakati wa kuchapa, nikalifuta na kuzirudisha alama kabla matokeo hayajatangazwa.

Karatasi za maswali 12 zihesabu mlangoni kabla mtu yeyote hajatoka. Ikipungua hata moja, tunga mapya. Wiki ijayo yatakuwa kwenye kundi la WhatsApp.