Kupata korasi, rivabu na dilei kwenye sinthesaiza isiyo na efekti

Sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti zake chenyewe) ikiwa haina efekti ndani yake, yaani rivabu (mkia wa sauti kama wa ukumbini), dilei (mwangwi unaojirudia) wala korasi (sauti moja kusikika kama kadhaa pamoja), watu wengi wanaiona kavu, wanawaza kutafuta kiboksi cha efekti kabla hata hawajaijua vizuri. Mi nasema subiri kwanza. Sinthesaiza kama Minimoog ya 1970, Prophet-5 ya 1978, DX7 ya 1983, zote hazikuwa na efekti ndani na bado sauti zake zinaigwa mpaka leo. Ilipokuja Roland D-50 mwaka 1987 na rivabu na korasi zake, halafu Korg M1 mwaka uliofuata, ndo tukazoea sauti ambazo zimeshavalishwa tayari, ukizivua nguo unabaki na kitu chembamba kinachokatika ghafla. Cha kufanya ni kuuingiza ule mtikisiko na ule mkia ndani ya sauti yenyewe, kwenye osileta (inayotoa wimbi la sauti), envelopu (inayopanga sauti inavyopanda na kushuka kwa muda) na LFO (osileta ya polepole isiyosikika, kazi yake ni kuchezesha vitu vingine). Na kama mashine yako ina efekti, zizime kabisa kabla hujagusa kitu, la sivyo masikio yatakudanganya.

Tuanze na korasi. Washa osileta mbili, zote wimbi la msumeno, halafu ya pili ipandishe senti 4 tu (semitoni moja ina senti 100). Bonyeza noti ya A ya 440 Hz (mitetemo 440 kwa sekunde), shikilia, sikiliza: ya pili iko karibu na 441 Hz, kwa hiyo kila sekunde zinakutana na kuachana, sauti inavimba inanywea, inavimba inanywea, huo ndo uhai wenyewe. Sasa panda oktavu moja, senti ni zilezile 4, lakini inayumba mara mbili kwa sekunde, na ukishuka mpaka A ya 110 Hz inachukua kama sekunde 4 kuyumba mara moja. Yaani ukipima kwenye noti za juu, chini itakuwa imelala, ukipima chini, juu itasikika imetoka nje ya tuni, kwa hiyo pima palepale utakapopigia. Bezi ndo uwe nayo makini zaidi, maana noti fupi ikiangukia pale osileta zinapoachana inatoka dhaifu na inayofuata inatoka nene, hapo tumia osileta moja au zifanye zianze pamoja kila unapobonyeza, kama mashine inaruhusu.

Kwenye DX7 chukua algorithimu ya 5 (algorithimu ni mpangilio wa opereta, yaani osileta zake), ina jozi 3 na zinazosikika ni opereta 1, 3 na 5, weka ditune (kusogeza tuni kidogo) +3 kwenye ya 1, -3 kwenye ya 3, ya 5 iache 0. Na kama una osileta moja tu, tumia wimbi la mraba, upana wake uchezeshwe na LFO ya pembetatu inayoenda polepole, chini ya 1 Hz, ila usiufikishe mwisho kabisa maana wimbi likibanwa sana sauti inapotea.

Rivabu ndo wengi wanakosea. Wanarefusha rilizi (muda wa sauti kufifia ukishaachia kibonyezo) basi, wakipiga kodi tatu (kodi ni noti kadhaa kwa pamoja) inakuwa uji. Fikiria chumba halisi kinavyofanya: sauti ya kwanza inakuja kali na karibu, halafu mkia unabaki nyuma yake, mdogo, na makali ya juu yanakufa kabla ya yale ya chini. Kwa hiyo tengeneza leya mbili, yaani sauti mbili zinazolia pamoja kwa kibonyezo kimoja. Ya kwanza ni sauti yako ya kawaida, rilizi fupi. Ya pili ni nakala yake, ishushe volyumu mpaka ukiizima ndo ujue ilikuwepo, filta (inayokata makali ya juu) ifunge karibu nusu, ataki (muda wa sauti kupanda) iwe kama milisekunde 50 ili ije nyuma kidogo, sasteni (kiwango kinachobaki ukiwa umeshikilia) 0, dikei (muda wa kushuka kutoka kileleni) na rilizi karibu sekunde 2 zote mbili. Usisahau dikei, maana rilizi haianzi mpaka uachie kibonyezo na mkia wa chumba hausubiri kidole chako. Mwisho envelopu ya filta iwe fupi kuliko ya volyumu, ili mkia uzidi kufifia kadiri unavyoisha. Kama mashine yako haina leya, fanya hili la filta peke yake kwenye rilizi, tayari inasaidia sana.

Dilei ndo naipenda kuliko zote. Chukua LFO ya msumeno unaoshuka, ipeleke kwenye volyumu kwa nguvu yote mpaka katikati ya mapigo kuwe kimya kabisa, halafu iwashe ianze upya kila unapobonyeza. Spidi yake gawanya tempo kwa 30: BPM (biti kwa dakika) 120 ni 4 Hz, BPM 90 ni 3 Hz, hapo unapata mapigo mawili kwa kila biti. Envelopu iwe na rilizi ndefu, piga noti fupi uachie, utasikia ta-ta-ta-ta inapungua yenyewe, na filta ikiwa inajifunga taratibu kila pigo linakuwa na giza kuliko lililotangulia, kama mwangwi wa tepu kabisa. LFO ikiwa ni moja kwa noti zote, ujue noti zote zitafuata mapigo yaleyale, kwa hiyo piga ndani ya tempo.

Kinachobaki ni idadi ya sauti, yaani noti ngapi mashine inaweza kupiga kwa wakati mmoja. Mikia yote hii inakula nafasi: Prophet-5 ina sauti 5 tu, ukipiga kodi ya noti 3 na nyingine ya noti 3 juu ya mkia wake, ile noti ya 6 inaiba nafasi ya noti ya zamani na mkia unakatika katikati, unasikika wazi. Hapo toa noti moja kwenye kila kodi, kwa kawaida ile ambayo bezi inaipiga tayari, zinakuwa 4 na mikia inaisha yenyewe.