"Nimepona" ya Mzee Isikurudishe Nyumbani: Kukitambua Kiharusi cha Mpito

Assalamu alaykum ndugu zangu. Somo hili nililiahidi tangu mwezi uliopita, na kila nikianza kuliandika naliacha, kwa sababu linaanzia kwetu.

Baba alikuwa barazani, Wete, Pemba, baada ya swala ya Alasiri, na kikombe chake cha kahawa mkononi. Kikombe kikamponyoka. Hakustuka wala hakujipangusa kanzu; alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwengine. Nikamuuliza, "Baba, vipi?" Akanijibu maneno yasiyoshikana. Nikaingia ndani kuchukua kitambaa, na niliporudi akasema wazi kabisa, "Nitilie nyengine, hii imemwagika." Nikamtilia. Mimi, muuguzi wa miaka mingi, nikamtilia kahawa nikaenda kupika. Alfajiri ya pili yake upande wote wa kulia ulikuwa hauna nguvu.

Kilichompata barazani kinaitwa kiharusi cha mpito. Wengine hukiita kiharusi kidogo. Kibonge cha damu huziba mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, kisha kikayeyuka au kikasogea, na damu ikapita tena. Mara nyingi huwa ni dakika chache, pengine saa nzima. Mzee anarudi vile vile alivyokuwa, na hapo ndipo tunapopotea. Kilichokiunda kile kibonge bado kimo mwilini, na siku mbili za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya kiharusi kamili kufuata. Kwa hiyo fuateni hatua hizi hata kama dalili zimeshaondoka.

Hatua ya kwanza: tazama saa.
Andika wakati, hata kwenye kiganja. Wakati wenyewe ni ule wa mwisho alipoonekana mzima, si ule ulipoitwa wewe. Akiamka nazo dalili, hesabu tangu alipolala. Penye dawa ya kuyeyusha kibonge, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na baada ya kichwa kupigwa picha ya CT. Daktari asipoijua saa, mlango huo unafungwa.

Hatua ya pili: uso.
Mwambie acheke aoneshe meno. Kama ana tambuu au meno ya bandia, atoe kwanza, maana shavu lililojaa tambuu hudanganya. Unatafuta upande mmoja wa mdomo ulioshuka au usiosogea. Huna uhakika? Fungua picha yake ya Idi kwenye simu, umlinganishe nayo.

Hatua ya tatu: mikono.
Ainyooshe yote miwili mbele, viganja juu, macho afumbe, nawe uhesabu hadi kumi. Mkono mmoja ukishuka, au kiganja kikaanza kujipindua kwa ndani, hiyo ni dalili.

Hatua ya nne: maneno. Hapa nitakaa kidogo.
Wengi wetu tukiona mzee kababaika tunamwambia, "Piga shahada." Anaitamka yote, tunashusha pumzi: ulimi uko salama. Jamani, hicho si kipimo. Alichokihifadhi mtu tangu utotoni, shahada, Alhamdu, kuhesabu moja mpaka kumi, hata maamkizi, huweza kutoka chenyewe wakati sehemu ya ubongo inayotunga maneno mapya imeathirika. Nimemuona bibi aliyesoma sura nzima ya Qur'ani bila kukosea, kisha nikamuonesha kijiko nikamuuliza ni nini, akashindwa kukitaja.

Muulize jambo ambalo lazima alitunge papo hapo. "Jana tulikula nini?" "Nani kakuletea hii kanga?" Muoneshe ufunguo, akuambie jina lake na kazi yake. Kisha mpe agizo bila kumuashiria kwa mkono: "Gusa sikio lako la kushoto." Kutofahamu anachoambiwa ni dalili sawa na kushindwa kusema. Na kama maneno ni yale yale lakini yanatoka mazito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni, hiyo pia ni dalili.

Hatua ya tano: macho na miguu.
Uliza kama jicho moja liliingia kiza ghafla. Wagonjwa husema ni kama pazia limeshushwa, kisha likapandishwa. Uliza pia kama alianza kuona vitu viwili viwili, au alipepesuka ghafla akashindwa kwenda. Kizunguzungu peke yake kina sababu nyingi. Kikija pamoja na moja ya haya, usingoje.

Hatua ya sita: ondoka.
Kama ana sukari na kipimo kipo nyumbani, mpime upesi, kwa sababu sukari ikishuka sana huigiza kiharusi. Chukua vidonge vyake vyote na makasha yake. Nenda hospitali iliyo karibu: Chake Chake, Wete, Micheweni, au Abdulla Mzee kule Mkoani. Usingoje gari ya hospitali kama ya jirani iko mlangoni. Ukifika usiseme "alijisikia vibaya kidogo", maana utawekwa foleni. Sema: "Mkono wa kulia ulipoteza nguvu na maneno yalipotea kwa dakika kumi, saa kumi na nusu jioni, sasa yamerudi. Tunahofia kiharusi."

Sasa yale ya kutofanya. Usimpe aspirini kwa akili yako: kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka, na kwa macho huwezi kuvitenganisha. Usimuongezee kidonge cha presha ili ishuke haraka. Na usimpe kitu cha kunywa wala kula mpaka mhudumu wa afya ahakikishe anameza vizuri. Najua hapa nagusa nyoyo, kwa sababu cha kwanza tunachokimbilia ni kombe (maji yaliyooshewa aya), zamzam au asali. Msomeeni, mshikeni mkono, lakini kinywani msitie kitu. Koo lililolegea hupeleka maji kwenye mapafu.

MASWALI YENU

Kutoka Konde: Bi Nesi, shikamoo. Mama kila akiamka mkono wake una ganzi, akiukung'uta unaondoka. Ndiyo hiyo?

Marahaba mwanangu. Ganzi ya kuchomachoma inayojirudia kila asubuhi na kuondoka kwa kukung'uta, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa. Kiharusi cha mpito huja kwa ghafla, na zaidi huondoa nguvu: kitu kinaanguka, mguu unaburura. Hata hivyo mpeleke apimwe sukari, kwani ganzi ya mara kwa mara huweza kuletwa nayo.

Kutoka Kiwani: Tulimpima mzee presha ikawa 120 kwa 80, tukarudi zetu nyumbani. Tulikosea?

Mrudisheni leo. Presha nzuri wakati huo haiondoi kiharusi. Moyo unaopiga bila mpangilio huweza kutuma kibonge hadi ubongoni kwa mtu ambaye presha yake haina tatizo. Muombe daktari kipimo cha umeme wa moyo. Na mkipelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa picha ya kichwa ikatoka safi, msifurahi mkaacha dawa: kiharusi cha mpito aghalabu hakiachi alama kwenye CT.

Kutoka Mtambwe: Kwetu wakubwa wamesema ni upepo, apelekwe kwanza kwa mganga, hospitali baadaye. Mimi ndiye mdogo kuliko wote, nitasemaje mbele yao?

Usibishane juu ya upepo, utapoteza saa. Waambie, "Naomba tumtangulize hospitali, na ami afuatane nasi amsomee njiani." Ukimpa mkubwa mmoja nafasi ndani ya gari, gari itaondoka. Kuchuliwa na kuchanjwa kusubiri.

Kutoka Makunduchi: Baba mkwe kakataa katakata. Anasema, "Nimepona, msinifanye mgonjwa."

Mtafute anayemsikiliza: imamu wake, rafiki yake wa bao, au mjukuu. Usimtishe kwa habari za kifo, wazee wetu hawaiogopi. Wanachokiogopa ni kuogeshwa na watoto wao. Mwambie unataka aendelee kwenda msikitini kwa miguu yake mwenyewe.

Kutoka Ole: Mama huacha vidonge vya presha Ramadhani yote, na hali ya mwaka jana ilimpata kumi la mwisho.

Huyo asingoje dalili. Mpeleke kwa daktari mwezi wa Shaabani, ampangie dawa za futari na daku, au ambadilishie ziwe za mara moja kwa siku, au amwambie asifunge. Asijipangie mwenyewe. Na papa mkavu na ng'onda mpunguzieni miezi yote, kwa ajili ya chumvi yake.

Kutoka Mkoani: Na baba yako anaendeleaje, dada?

Alhamdulillahi. Maneno yamerudi kwa kiasi kikubwa, majina ya watu bado yanamkimbia. Kwenda anakwenda kwa bakora. Kinachomuumiza zaidi ni kula kwa mkono wa kushoto. Haukubali moyo wake. Kwa hiyo tunamfunga kijiko kwenye mkono wa kulia kwa kitambaa, naye anakivuta hadi mdomoni polepole. Jana usiku alifikisha vijiko vitatu vya uji bila kumwaga, akasema sasa nimfungue apumzike.