SOMO: Umepewa Mchungaji kwenye Mfalme Edipode? Soma hapa kabla hujanipigia simu

Tangu kikundi chetu hapa Mbeya kitangaze kwamba tunaigiza Mfalme Edipode, tamthilia ya Mgiriki wa kale Sophocles, ile tafsiri ya S. S. Mushi, swali ni lile lile: "Nimepewa mchungaji mzee wa mifugo, mistari yenyewe michache, nijiandaeje?" Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakuleta hapa.

1. Soma tamthilia nzima. Nzima.

2. Kariri mistari yako pamoja na ya anayekutangulia. Zamu zako nyingi ni majibu mafupi. Usipomsikia mwenzako huna cha kujibu.

3. Andika mzee huyu anajua nini, na alikijua lini. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaingia tayari wananung'unika na machozi, kana kwamba mchungaji naye ameshasoma ukurasa wa mwisho. Hajasoma. Ana siri mbili, na hajui kama zinahusiana.

Ya kwanza: ni yeye peke yake aliyenusurika Laius, mfalme wa Thebes aliyetangulia, alipouawa njia panda. Akarudi akasema walikuwa wanyang'anyi wengi. Kisha akamwona Edipode amekalia kiti cha enzi, akamshika mkono malkia Jocasta, mjane wa Laius, na kumsihi ampeleke machungani, mbali na mji. Maandishi hayasemi wazi kwamba alimtambua muuaji, lakini mtu aombe kukimbia kwa lipi lingine? Kwa hiyo anapoitwa, uongo wake kauandaa. Halafu hakuna anayemuuliza habari hizo!

Anaulizwa kuhusu mtoto. Hiyo ndiyo siri ya pili: kichanga alichokabidhiwa na Jocasta akiue, akakionea huruma, akampa mchungaji wa Korintho (ndiyo, Korintho ya nyaraka za Paulo) kule mlima Kithairon. Hakujua kiliishia wapi, mpaka Mkorintho yule yule, kwa furaha zake, anamwonyesha mfalme: mtoto ndiye huyu. Kabla ya maneno hayo wewe ni mzee mwenye wasiwasi. Baada yake unapigania kufunga mdomo.

ONYO: usilie. Asiyetaka kusema hukwepa, hujifanya hakusikia, humkaripia Mkorintho anyamaze.

ONYO: Edipode anaamuru usokotwe mikono nyuma. Anayesokotwa ndiye anayeongoza mwendo, askari anafuata tu. Fanyeni polepole mpaka mzoeane.

ONYO: usituletee lafudhi ya Kimasai ya vichekesho. Ukumbi ukicheka hapo, mfalme akitoka amejitoboa macho watamcheka na yeye.

4. Maleba: shuka zito, fimbo, katambuga. Basi.

5. Pasha sauti ndani ya ukumbi. Baridi ya Juni ya huku inakaba koo.

MASWALI

Kijana wa Uyole: Mkuu, mchungaji ana mistari mingapi? Kitabu sijakisoma bado.
Jibu: Hatua ya 1.

Kijana wa Uyole: Nimeuliza tu, ukali wa nini?
Jibu: Sina ukali. Tamthilia yenyewe inaisha jioni moja. Soma, utaihesabu mwenyewe.

Dada wa Kihesa: Kamwene. Mimi niko kwenye koras, lile kundi la waimbaji. Mzee akihojiwa sisi tumesimama tu, mikono tuifanyeje?
Jibu: Kamwene, dada. Swali hili nimelisubiri muda mrefu. Ninyi ni wazee wa Thebes, mji una tauni, jibu mnalitaka kuliko mtu yeyote. Ila kila jibu linamshusha mfalme mnayempenda. Anzeni mmeinama kusikiliza. Kisha kila mmoja achague, kimya kimya, swali ambalo hataki lijibiwe, na hapo arudi nyuma hatua moja. Msirudi pamoja. Mikono itafuata.

Mdau wa Makambako: Tuko wachache. Mtu mmoja anaweza kucheza Tiresias, yule nabii kipofu, na Mchungaji?
Jibu: Anaweza. Wagiriki wenyewe walikuwa na waigizaji watatu tu wa kusema, wakibadilisha vinyago. Usimpe Mchungaji na Mkorintho, maana hao wanakutana jukwaani. Tiresias na Mchungaji wote wanaanza kwa kukataa kusema, basi awatenganishe: mmoja akatae kwa hasira, mwingine kwa hofu.

Mwana Usangu: Mimi nachunga kweli, huku Mbarali. Waigizaji mnashika fimbo kama mkongojo wa babu. Sisi tukisimama muda mrefu tunailaza mabegani, mikono tunaitundika juu yake.
Jibu: Asante sana, ndugu yangu! Sasa askari atamsokotaje aliyejitundika hivyo? Lazima fimbo ianguke kwanza. Nataka ianguke pale pale Mkorintho anapomwonyesha mfalme.

Mwana Usangu: Hapana. Mchungaji akishtuka anaikaza fimbo. Askari aje ainyang'anye.
Jibu: Umenishinda. Tunaijaribu Jumamosi.

Kijana wa Uyole: Nimefika nusu. Kumbe Mkorintho hana ubaya wowote?
Jibu: Hana. Anadhani kaleta habari njema. Endelea, umeanza vizuri.

Dada wa Kihesa: Jukwaa letu la mbao, fimbo inagonga hadi maneno hayasikiki.
Mwana Usangu: Vesha ncha yake kipande cha tairi, kaza kwa waya.